Hodee, ostia na treni ya saa moja: uchambuzi wa kisa cha maneno mazito katika kundi la wanafunzi wa Kihispania, Dodoma

Kisa hiki kinatoka kwenye kundi la watu wanaojifunza Kihispania mjini Dodoma. Majina, mitaa, sehemu za kazi na tarehe vimeondolewa. Pale ambapo mtu angeweza kutambulika kwa kazi yake, maelezo yamebadilishwa kidogo bila kugusa mwenendo wa tukio. Maneno ya Kihispania yameandikwa wazi kama yalivyo, maana bila hivyo hakuna cha kujifunza. Matusi ya Kiswahili hayakuandikwa, na sababu yake itaonekana mbele.

Usuli

Kundi lilikuwa na sehemu mbili: grupu la WhatsApp la kila siku na darasa la ana kwa ana Jumamosi asubuhi. Wanachama walikuwa hamsini na kitu, wa kila namna. Walikuwamo waongoza watalii wanaopeleka wageni kwenye michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Walikuwamo wahudumu wa hoteli, wanafunzi wa chuo kikuu, watumishi wa umma waliohamia kutoka Dar es Salaam, sista mmoja aliyekuwa akijiandaa kwenda utume Amerika ya Kusini, na vijana wachache wa sekondari walioandikishwa na wazazi wao.

Wasimamizi walikuwa watatu. Wa kwanza tumwite Dokta: alisomea udaktari Kuba na Kihispania chake ni cha huko. Wa pili ni Mwalimu, aliyejifunza kwa vitabu vilivyochapishwa Hispania na ndiye aliyetunga masomo. Wa tatu ni kijana wa chuo, aliyeshughulikia grupu kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na bando muda wote.

Kanuni za grupu zilikuwa saba. Ya nne ilisema: "Lugha chafu hairuhusiwi. Atakayeitumia ataonywa, akirudia ataondolewa." Haikusema lugha chafu ni ipi, ya taifa gani, wala kama kuuliza maana ya neno ni sawa na kulitumia. Kwa muda mrefu hakuna aliyeona pengo hilo, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mambo yalivyokwenda

Jumamosi jioni, mwongoza watalii mmoja aliyekuwa njiani na wageni wa Hispania aliandika hivi kwenye grupu: "Wakuu naomba msaada. Wageni wangu kila gari likiingia shimoni mmoja anasema ostia, mwingine anasema hodee. Ostia naijua ya kanisani, je wanataka kesho niwapeleke misa? Na hodee ni nini, maana mimi nimekuwa naitikia karibu."

Anayekijua Kihispania cha Hispania ameshacheka. Neno la kwanza ni hostia, ile ile hostia ya Kikatoliki tunayoijua kwa Kiswahili, ambayo Wahispania huitamka bila h na kuitumia pia kama ukelele wa mshtuko. La pili ni joder. J ya Kihispania hutamkwa kama h ya kooni, na r ya mwisho hufifia katika vinywa vingi, kwa hiyo sikio la Kiswahili linasikia kitu kinachokaribia hodi. Kwa asili joder ni kitenzi cha tendo la ndoa katika lugha ya mtaani. Mdomoni mwa Mhispania aliyegonga kichwa kwenye dari la gari, limebaki ukelele tu.

Kijana wa chuo alilitambua neno la pili kutokana na filamu. Akaufuta ujumbe kwa wote, kisha akaandika: "Kaka, hapa ni darasa. Kanuni namba 4. Hili ni onyo." Aliyeonywa hakujua hata ni lipi kati ya maneno yake mawili lililomponza. Akaomba radhi kwa yote mawili, pamoja na misa.

Baada ya ujumbe kufutwa, udadisi ulipanda. "Kasema nini?" aliuliza mmoja. Mwanachama mwingine, mcheshi anayejulikana kwa stika zake, akaandika tena maneno yote mawili na mbele yake akaweka tusi la Kiswahili, lile la nguoni. Joder alilipa kitenzi kizito kuliko vyote tulivyo navyo. Hostia, ambayo haina uhusiano wowote na viungo vya mwili, aliibunia tu maana ya matusi kwa kuwa aliona limefutwa. Ilikuwa karibu saa tano usiku na wasimamizi walikuwa wamelala. Ujumbe ukakaa hapo mpaka asubuhi, chini yake kicheko juu ya kicheko.

Jumapili asubuhi mzazi mmoja alimwandikia Mwalimu faraghani: "Habari za asubuhi Mwalimu. Nimeshika simu ya mwanangu nimekuta maneno haya. Ndiyo Kihispania tunacholipia?" Akaambatanisha skrinshoti. Mtoto ana miaka 15.

Mwalimu alifuta ujumbe ule na kulifunga grupu, wasimamizi pekee ndio waweze kuandika. Huenda mambo yangeishia hapo, kanuni ya nne ikaongezewa makali na maisha yakaendelea, kama si lililotokea Jumanne.

Mhudumu wa mapokezi wa hoteli moja, mwanachama mwenye bidii kuliko wengi, alikuwa akiwasubiri mume na mke kutoka Argentina, watu wazima wenye wajukuu, waliokuwa wakija na treni ya SGR. Aliwaandikia kwa kujiamini kabisa: "Los cojo mañana a las siete en la estación." Alikusudia: nitawachukua kesho saa moja kituoni. Sentensi ni sahihi kisarufi na kitenzi chake alikitoa kwenye somo la Mwalimu kuhusu usafiri, lililojaa coger el tren na coger el autobús. Ila Argentina coger ndicho kitenzi chao cha mtaani cha tendo la ndoa. Wazee wale wakapokea ahadi kwamba wote wawili watashughulikiwa kituoni saa moja asubuhi.

Bahati ilikuwa upande wake. Bibi alijibu kwa upole: huko kwetu sema los paso a buscar, mwanangu, ukimwandikia hivyo mtu mwingine atashtuka. Mhudumu akaleta skrinshoti kwa wasimamizi na swali lisilokwepeka: hili nalo ni lugha chafu? Na kama ni chafu, mbona mlinifundisha?

Maamuzi na sababu zake

Tuanze na uamuzi wa kwanza, ule wa kufuta. Haukuwa wa kipuuzi. Kundini kulikuwa na watoto, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Kulikuwa na sista. Kulikuwa pia na hofu ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo wasimamizi wengi wa magrupu nchini wanaitaja hata wasipoisoma. Kijana wa chuo alitazama hayo matatu akachagua kitu kilicho salama kwake. Kosa lilikuwa kutompa muulizaji jibu lolote, hata faraghani. Sekunde thelathini za ujumbe wa pembeni zingetosha: "Kaka, ni maneno ya mshtuko, makali kidogo, usiyarudie kwa wageni. Misa hawajaomba." Kufuta hadharani bila kujibu pembeni kuliwatangazia watu hamsini kwamba hapa kuna kitu kitamu kimefichwa.

Jumatano usiku wasimamizi walikutana kwa simu. Ugomvi wa kwanza ulikuwa coger. Mwalimu alishikilia kwamba ni neno safi, liko kwenye kila kitabu chake. Dokta akamuunga mkono: Kuba watu husema coger la guagua, yaani kupanda basi, kutwa nzima bila aibu. Wote wawili walikuwa sahihi, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Kihispania cha Hispania na cha Kuba ni miongoni mwa vile ambamo coger halina kasoro, kwa hiyo walimu wote wawili wa kundi walikuwa vipofu mahali pamoja. Kijana wa chuo ndiye aliyefungua kamusi ya Akademia ya Kihispania, inayopatikana bure mtandaoni, akawasomea alama za maana ya mwisho mwisho: vulg., yaani neno chafu, kisha mlolongo wa vifupisho vya Amerika ya Kati, Argentina, Bolivia, Meksiko, Paraguay, Jamhuri ya Dominika, Uruguay na Venezuela. Zaidi ya nusu ya nchi zinazozungumza Kihispania.

Baada ya hapo kanuni ya nne haikuwa na mtetezi. Walikubaliana mambo manne.

Kwanza, kuuliza maana ya neno hakutakuwa kosa kamwe, ila swali litapita njia yake: faraghani kwa wasimamizi wawili, na ndani ya saa 24 muulizaji apate jibu hata kama ni "tunalitafuta". Akiliweka kwenye grupu kwa kutojua, msimamizi ataandika "limepokelewa" na kumfuata pembeni. Onyo halitatolewa kwa swali.

Pili, kila neno zito lingeelezwa kwa kadi yenye umbo moja, na ni marufuku kulifasiri kwa tusi la Kiswahili. Sababu si adabu peke yake. Tafsiri ya mcheshi ilikuwa mbovu kama tafsiri. Mtalii aliposema joder, qué calor alisema kitu kinachokaribia "aisee, joto la leo balaa", kwa mdomo mchafu kidogo. Mtu mzima wa Hispania anaweza kulisema mbele ya wafanyakazi wenzake na kazi ikaendelea. Tusi la nguoni la Kiswahili likitamkwa stendi ya Nanenane kuna mtu atavua shati. Ukifasiri kiungo kwa kiungo unampa mwanafunzi uzito ambao mwenye lugha hakuutia, na siku nyingine, kwa neno jingine, unampunguzia.

Tatu, grupu ligawanywe. Chumba kikuu kibaki cha wote. Chumba cha pili kiwe cha watu wazima tu, mtu aombe mwenyewe kuingia na athibitishwe Jumamosi darasani kwa uso. Mtoto akiuliza, apewe jibu fupi lisilo na anatomia: neno hili ni zito, ukilisikia jua mtu ameshtuka au amekasirika, usilitumie. Mzazi naye ajulishwe kwamba swali liliulizwa na lilijibiwa hivyo.

Nne, onyo la mwongoza watalii lifutwe hadharani kwa sababu lilitolewa hadharani, na mcheshi asiandike kwenye grupu kwa wiki mbili. Hapa palikuwa na mvutano. Mcheshi ni rafiki wa msimamizi mmoja, na kwa siku nne nzima aliyeuliza kwa nia njema alikuwa na onyo huku aliyemwaga matusi hana. Wanachama walishaliona hilo kabla ya wasimamizi.

Kadi, na namna ya kuijaza

Kadi ya kwanza ilikuwa ya coger. Iliandikwa hivi:

Neno: coger. Latamkwa kohér.
Hispania, Kuba, Kolombia: kuchukua, kushika, kupanda chombo cha usafiri. La kawaida mbele ya yeyote.
Argentina, Uruguay, Paraguay, Meksiko na kwingineko: tendo la ndoa, lugha ya mtaani.
Mbele ya nani: kwa mgeni usiyemjua atokako, usilitumie.
Badala yake: tomar el tren (kupanda treni), recoger au pasar por (kumfuata mtu mahali). Haya ni salama kote.
Ukilisikia: usicheke. Angalia anatoka wapi.
Ukiteleza: "Perdón, quise decir recoger." Usijieleze zaidi ya hapo.

Mstari wa "mbele ya nani" ulizaliwa baada ya jaribio lililoshindikana. Mwanzoni kadi zilikuwa na namba ya uzito, sifuri mpaka tatu. Ndani ya wiki watu walikuwa wanakariri namba na kusahau nchi: pendejo ni mbili, basi. Lakini pendejo Meksiko ni kumwita mtu mpumbavu, na kwa ukali. Argentina mara nyingi ni kitoto au kijana asiyekomaa. Peru huweza kuwa mtu mjanja mjanja. Namba moja haiwezi kubeba hayo. Ikabadilishwa kuwa ngazi za watu: laweza kusemwa mbele ya mkwe, mbele ya bosi, kwa rafiki wa karibu tu, usilitamke. Kila Mtanzania anajua bila kuelezwa umbali uliopo kati ya mkwe na rafiki.

Namna ya kulipata neno lenyewe nayo ilihitaji utaratibu, kwa kuwa wengi huleta walichosikia kwa masikio. "Hodee" haipo kwenye kamusi yoyote. Msimamizi anayepokea swali huuliza mambo matatu: aliyesema anatoka nchi gani na ni wa rika gani, kulikuwa kumetokea nini, alisema kwa hasira, kwa kicheko au kwa kushtuka. Kisha hujaribu tahajia. H nzito ya kooni huandikwa j, au g ikifuatwa na e au i. H iliyoandikwa haisikiki kabisa. "Ke" karibu siku zote ni que. Y inayosikika yaweza kuwa ll. Kwa kanuni hizo nne tu, maneno mengi yaliyoletwa kwa sikio yanapatikana.

Kwenye kamusi ya Akademia hutazamwa vifupisho kabla ya maana: vulg. na malson. ni maneno machafu au yanayokera sikio, despect. ni ya dharau, coloq. ni ya mazungumzo tu. Kifupisho cha nchi kikiwepo, mtu asimame hapo, asisome maana ya kwanza akafunga ukurasa. Kwa Amerika kuna pia kamusi ya maneno ya huko iliyotolewa mwaka 2010 na umoja wa akademia za Kihispania, ambayo hutaja nchi kwa undani zaidi.

Hatua ya mwisho ni kumuuliza mwenye lugha, na hapa watu hujikwaa. Ukimuuliza Mhispania "je, ni tusi?", atakwambia "hapana, sisi husema tu". Muulize: ungemwambia mama mkwe wako? Kisha muulize mtu wa pili kutoka nchi nyingine. Mwenyeji wa nchi moja ni shahidi wa nchi moja.

Cabrón ndiyo kadi iliyoleta mjadala mrefu zaidi Jumamosi darasani. Kwa asili ni beberu mkubwa wa mbuzi, jambo lililowafurahisha Wagogo waliokuwepo. Huko huko Hispania laweza kuwa tusi la kuanzisha ngumi au salamu ya rafiki wa tangu shule. Wanafunzi walikwama: tutajuaje? Dokta aliwaambia wafikirie utani. Mtani anaingia msibani anamwita mfiwa majina yote na watu wanacheka. Jirani asiye mtani akijaribu neno lile lile, kaburi litachimbwa la pili. Haki ya kulisema haimo ndani ya neno, imo kwenye uhusiano, na mgeni anayejifunza lugha bado hana uhusiano huo. Kadi ikaandikwa: "kwa rafiki tu, naye aanze yeye."

Matokeo

Mzazi hakumtoa mtoto. Alichotaka kilikuwa kujua nani anajibu nini, na alipopewa utaratibu kwa maandishi aliridhika. Wanachama wawili waliondoka wakisema kundi limekuwa la wahuni.

Lililowashangaza wasimamizi ni aina ya maswali yaliyofuata. Walijiandaa kwa mafuriko ya matusi. Yakaja maneno ya nyumbani. Papaya, ambalo Kuba, hasa Havana, hukwepwa kwa sababu lina maana ya mtaani, na tunda huitwa fruta bomba. Bicho, mdudu wa kawaida kwa Mhispania, lakini si neno la kutamka Puerto Rico. Pico, busu dogo kwa Mkolombia na kiungo cha mwanamume kwa Mchile.

Yakaibuka pia yaliyokuwa yakipita machoni pa wasimamizi kila wiki bila kufutwa. Kwenye kila siku ya kuzaliwa grupu lilijaa "feliz cumpleanos" na "tengo 28 anos", kwa sababu watu hawakujua kupata ñ kwenye simu. Año ni mwaka. Ano ni tundu la haja kubwa. Kila Januari wahudumu wa hoteli walikuwa wakiwatakia wageni tundu jipya lenye heri. Dawa ni nyepesi: bonyeza n bila kuachia, ñ itatokea juu ya kidole. Lipo na la joto. Aliyetaka kusema anasikia joto aliandika "estoy caliente", ambalo kwa Kihispania ni kusema ana ashiki. Aliyefikiri kwa Kiswahili hakuteleza sana hapa: nina njaa, tengo hambre, nina kiu, tengo sed, nina miaka 28, tengo 28 años, basi na joto, tengo calor. Waliopitia Kiingereza kwanza ndio walioungua.

Mmoja akauliza kwa nini watoto wa wageni hucheka dereva na mwongozaji wakiitana kaka. Caca kwa Kihispania ni kinyesi, kwa lugha ya kitoto. Hakuna aliyeacha kuitwa kaka kwa ajili hiyo. Wanawaeleza wageni mapema, safari inaanza na kicheko.

Swali zito kuliko yote lilitoka kwa sista. Alimwandikia Dokta orodha kutoka kwenye kitabu chake cha mazoezi, akauliza ni maneno gani ayaache kabla ya kufika. La kwanza lilikuwa concha. Kwenye kitabu ni kombe la baharini, na Hispania ni jina la mkato la akina Concepción, ambalo hata watawa huitwa. Argentina, Uruguay, Chile na Peru ni jina la mtaani la sehemu za siri za mwanamke, na tusi la mama lililojengwa juu yake husikika kwenye kila uwanja wa mpira. Alipojibiwa alishukuru, akaongeza kwamba la hostia alikuwa akilijua kitambo. Alifundishwa na padri mmoja Mhispania aliyekuwa na gari bovu.

Uchambuzi

Kufanikiwa kwa kadi kulitokana na mstari mmoja kuliko mingine: "badala yake". Mtu anayeuliza neno zito mara nyingi ana kazi mkononi, ana mgeni wa kumchukua kituoni, na katazo halimfikishi popote. Mwongoza watalii wa kisa hiki hakuhitaji kujua historia ya joder. Alihitaji kujua kwamba asiitikie karibu.

Kutofautisha kulijua neno na kulisema nako kulisaidia. Mtu anaweza kuelewa neno asubuhi na asilitamke maisha yake yote, na ndivyo inavyotakiwa kuwa kwa sehemu kubwa ya maneno haya. Kanuni ya zamani ilichanganya hayo mawili, ikamwadhibu msikilizaji.

Kulikuwa na kushindwa pia. Chumba cha watu wazima wiki ya pili kiligeuka kijiwe: vipande vya video, vichekesho, matusi ya kukusanya kama stempu. Kilirudi kwenye mstari pale ilipowekwa sharti kwamba kila ujumbe uwe swali au kadi, vinginevyo unafutwa bila mjadala. Hata hivyo skrinshoti moja ilivuja ikaingia chumba kikuu, na itavuja nyingine. Mgawanyo wa vyumba hupunguza bahati mbaya lakini hauzuii simu ya mtu. Ndiyo maana kadi huandikwa kwa namna ambayo hata ikimfikia mtoto haina tusi la Kiswahili ndani yake.

Jambo la sista lina uzito wake. Uamuzi wa kufuta ulifanywa kwa jina lake bila yeye kuulizwa, na alikuwa ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote, maana angekwenda kuishi huko, sokoni na hospitalini, siyo kupokea wageni siku mbili. Wasimamizi waliokuwa tayari kumlinda masikio walikuwa wakimpeleka Amerika ya Kusini na kitabu cha Hispania.

Na chanzo cha yote, kwa tathmini yetu, kilikuwa kudhani kwamba kuna Kihispania safi kimoja ambacho ukibaki ndani yake huwezi kuchafuka. Mcheshi alisumbua usiku mmoja. Somo la usafiri la Mwalimu lilikuwa limefundishwa kwa watu wote hamsini, wakiwamo watoto, kwa nia njema kabisa. Sasa kila somo jipya hupitiwa kwanza kwa kutafuta vifupisho vya nchi kwenye vitenzi vyake, kazi ya saa moja hivi kwa somo, na anayeifanya si yule aliyelitunga.

Kilichobaki bila jawabu ni nyimbo za reggaeton. Wanafunzi wa chuo huleta ubeti mzima, na kadi imeundwa kwa neno moja. Ubeti wa Puerto Rico huwa na maneno matano mazito kwenye mistari minne, nusu yake ya mafumbo ambayo hata Mhispania hayapati. Kwa sasa yanapokelewa chumba cha watu wazima, ubeti mmoja kwa wiki, na aliyeuleta ndiye anayeanza kutafuta vifupisho.